Tex Willer, Kit Carson na Kisasi cha Wanavajo

Mwanafunzi wa fasihi anayesoma hadithi za picha hukutana na kisasi mapema sana. Katika makala haya mafupi tunaangalia mfano mmoja, Tex Willer wa Italia, ili tuone jinsi hadithi inavyoweza kuigeuza historia.

Tex alianza kuchapishwa tarehe 30 Septemba 1948. Mtunzi wake ni Gian Luigi Bonelli na mchoraji ni Aurelio Galleppini, Waitalia waliosimulia habari za magharibi ya Marekani wakiwa kwao. Katika hadithi, Tex, ambaye ni mzungu, anamwoa Lilyth, binti wa chifu wa Wanavajo, na baadaye yeye mwenyewe anakuwa kiongozi wao kwa jina la Tai wa Usiku. Lilyth anakufa kwa ndui iliyoletwa na blanketi za wafanyabiashara waovu. Tex anaapa, anawasaka wahusika na kulipiza kisasi. Msomaji anafunga kitabu akiwa ameridhika.

Habari ya blanketi ina mzizi katika historia. Mwaka 1763, katika ngome ya Fort Pitt, Waingereza waliwapa wajumbe wa Wadelaware blanketi mbili na leso kutoka hospitali ya ndui.

Linaloshangaza zaidi ni habari ya Kit Carson. Katika hadithi yeye ni rafiki mkubwa wa Tex. Katika historia, Carson ndiye aliyeongoza jeshi dhidi ya Wanavajo mwaka 1863 na 1864, kwa amri ya Jenerali James Carleton. Askari walichoma mashamba na kuchukua mifugo mpaka njaa ikawalazimisha watu kujisalimisha. Maelfu walitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, na wengi walifia huko.

Waliobaki hawakurudishwa kwao na bunduki ya shujaa. Walirudi kwa mkataba wa tarehe 1 Juni 1868, baada ya viongozi wao, akiwamo Barboncito, kujadiliana na serikali ya Marekani.

Hivyo basi, kisasi cha hadithi hutaka adui mwenye sura na jina, ambaye akifa mambo yamekwisha. Dhuluma hii ilikuwa sera ya serikali, na waliotumwa kuitekeleza walikuwa wengi. Tunapofundisha riwaya za kisasi, tumwulize mwanafunzi: ni nani mwenye hatia ambaye mtunzi amemfanya rafiki wa shujaa?