Jicho la Kiume

Mwaka 1975, mwanazuoni wa filamu wa Uingereza, Laura Mulvey, alichapisha katika jarida la Screen makala iliyoipa taaluma ya uhakiki istilahi ya Kiingereza “male gaze”, ambayo hapa naiita jicho la kiume. Alisema sinema ina macho matatu: la kamera, la mtazamaji, na la wahusika wanaotazamana. Filamu za Hollywood huyaficha mawili ya kwanza ndani ya la tatu. Steringi anapomtazama mwanamke, tunasahau kamera, tunasahau kiti tulichokalia, tunabaki kumtazama kwa macho yake.

Mahali pepesi pa kuliona jicho hilo ni pale mhusika anapoingia kwa mara ya kwanza. Katika The Postman Always Rings Twice ya mwaka 1946, rangi ya mdomo inabingirika sakafuni. Kamera inaifuata kinyumenyume hadi kwenye miguu, na ndipo Lana Turner anapoonekana mzima mlangoni. Dr. No ya mwaka 1962 inamleta James Bond kwenye meza ya kamari, London. Tunaona mikono yake ikishika karata, na uso unajitokeza anapoulizwa jina, naye analitaja. Tayari tunajua ni mtu mtulivu aliyezoea kushinda. Honey Ryder, nafasi iliyochezwa na Ursula Andress, anaibuka baharini Jamaica akiwa na bikini, huku Bond akimtazama pasipo yeye kujua. Jina lake bado hatulijui. Kiunoni ana kisu, mkononi ana makombe: ni mtu aliye kazini na anayejua kujilinda. Lakini nani anakumbuka kile kisu?

Tafsiri ya istilahi hiyo ya Mulvey inayokuja haraka ni “mtazamo wa kiume”, nami siipendi. Mtu husema “kwa mtazamo wangu” akimaanisha maoni, kwa hiyo msomaji atadhani tunazungumzia fikra za wanaume. Jicho ni kitendo: mtu hutupiwa jicho, huliwa kwa macho, na daima yupo anayetenda na anayetendewa. Tena ni “la kiume”, si “la mwanamume”. Mwongozaji mwanamke anaweza kupiga picha kwa jicho hilo, na mtazamaji mwanamke huliazima bila hiari.

Wapo watakaonitajia Casino Royale ya mwaka 2006, ambamo Daniel Craig ndiye anayetoka baharini na mwanamke ndiye anayemtazama. Ni kweli, ila wakati huo tumeshamwona Bond akiua na kumfukuza mtu juu ya vyuma vya jengo linalojengwa. Kazi yake tunaijua kabla ya kifua chake. Mfuatano huo ndio wahakiki wa filamu na tamthilia zetu wanaopaswa kuuchunguza, badala ya kuishia kuhesabu urefu wa sketi.