Picha ya Edison na Mashine Iliyonena

Itazame kwa makini picha moja kongwe iliyopigwa jijini Washington, Marekani, mwezi Aprili 1878, katika studio ya mpigapicha Mathew Brady. Kijana wa miaka 31 ameketi kando ya meza. Juu ya meza ipo mashine ndogo yenye silinda na mkono wa kuizungushia. Kijana huyo ni Thomas Edison, na mashine yake ni fonografu, chombo cha kwanza kuinasa sauti ya binadamu na kuirudisha ikasikika tena.

Utendaji wake ulikuwa sahili. Silinda ilifunikwa kwa karatasi nyembamba ya bati. Mtu aliponena, sauti yake ilitikisa kiwambo, nacho kikaisukuma sindano iliyotia vibonyeo vidogo katika bati. Sindano ilipopitishwa tena juu ya vibonyeo hivyo, maneno yalisikika, ingawa bati lenyewe lilichakaa upesi.

Sasa jiulize: ni nani wasioonekana pichani? Hayumo John Kruesi, fundi mzaliwa wa Uswisi, aliyeiunda mashine ya kwanza mwaka 1877 kwa kufuata maelekezo ya Edison. Hayumo pia Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville. Mwaka 1857, miaka 20 kabla ya fonografu, Scott alisajili hataza ya chombo kilichochora mitetemo ya sauti juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Chombo hicho kiliiandika sauti, lakini hakikuweza kuirudisha.

Mwaka uleule wa 1878, Edison alipokuwa akishangiliwa, Scott alichapisha kitabu kwa gharama yake mwenyewe akidai mchango wake utambuliwe. Alifariki mwaka uliofuata. Mnamo 2008, watafiti nchini Marekani walitumia kompyuta kuzisoma alama alizozichora tarehe 9 Aprili 1860. Sauti ya mtu aimbaye ikasikika, baada ya kimya cha karibu miaka 150.

Hatumnyimi Edison sifa yake, kwani ndiye aliyeifanya mashine inene. Lakini wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi, mwanafunzi, kila usomapo picha ya kihistoria, mtazame aliyemo, kisha umtafute aliyeachwa nje. Haki ya mtu huanzia katika kutajwa kwake.