Hewa ya Kununua Kirinyaga Road

Nililipa 2,800 bob. Filta nyekundu yenye umbo la koni, na bomba la alumini linalong'aa kama sufuria ya harusi. Muuzaji akaniambia, "Boss, hii inakupea farasi kumi hivi, na mafuta utakuwa unasahau kuweka." Gari langu ni Impreza ya lita 1.5, haina turbo, ilishuka bandarini Mombasa ikiwa na miaka saba. Kumi juu ya gari kama hilo si kitu cha kukataa. Fundi akang'oa lile kasha jeusi la plastiki, akaweka koni, nusu saa kazi ikawa imeisha.

Na gari likanguruma! Nilipokanyaga Thika Road jioni hiyo lilivuta pumzi kama ng'ombe kisimani. Nilihakikishia kila mtu kwamba limekuwa jepesi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Kinungi na ndugu yangu mdogo, tukielekea Nakuru. Mbele kulikuwa na treila. Nikahesabu nafasi kwa kutumia zile farasi kumi, nikatoka kuovateki. Kelele zilikuja zote. Nguvu haikuja. Tulikuwa bado ubavuni mwa treila nilipoona taa za matatu, na tuliopona tulipona kwa sababu yule dereva wa matatu alishuka kwenye changarawe. Alinitukana mpaka akafika kwa babu yangu, na sikuwa na la kumjibu. Ndugu yangu hakusema neno hadi Gilgil.

Ndipo nikaanza kutafuta historia ya hiki kitu. Nilitaka kujua nani alianza kutuambia kwamba hewa inauzwa.

Ukweli ni kwamba filta haikuzaliwa kuongeza nguvu. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilitoka kiwandani bila filta ya hewa kabisa. Injini ilikula vumbi hivyo hivyo, na vumbi ndani ya silinda ni kama msasa: linasaga ringi na kuta mpaka injini inaanza kula oili. Land Rover za zamani, zile babu zetu waliziona zikipita na mabwana shamba, zilikuwa na bakuli la oili ambamo hewa ilipita kwanza ili vumbi linase. Hata K&N, jina ambalo koni nyingi za bei rahisi zinaiga, lilianza miaka ya 1960 kwenye biashara ya pikipiki huko Riverside, California, karibu na jangwa. Wazo lao lilikuwa pamba iliyolowa oili kati ya nyavu za waya: ishike vumbi, lakini isiibane injini.

Enzi hizo wazo hilo lilikuwa na mantiki yake. Kabureta hupima mafuta kwa mvuto wa hewa tu, kwa hiyo filta ikiziba, mchanganyiko unaharibika, mafuta yanazidi, moshi mweusi unatoka. Gari za sasa zina sensa na kompyuta. Hewa ikipungua, kompyuta inapunguza mafuta. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge, Tennessee, ilipima gari za kisasa zikiwa na filta iliyoziba na tena zikiwa na filta safi. Unywaji wa mafuta haukubadilika kwa maana yoyote. Kilichobadilika ni kuchapuka kwa gari, na hapo ni filta chafu kabisa ikilinganishwa na filta mpya ya kawaida. Yangu haikuwa chafu. Nilikuwa nimetibu mtu mzima.

Lakini msidhani hewa haina maana. Mwaka 1995, katika mashindano ya dunia ya rally, kila gari la turbo lililazimika kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34, makusudi, ili nguvu zipungue. Kwenye Rally ya Catalunya, Uhispania, wakaguzi waligundua kwamba Celica za Toyota zilikuwa na kifaa kilichofichwa kwa ustadi wa ajabu, kinachoruhusu hewa kupita kando ya lile tundu. Toyota ikanyang'anywa pointi zake na kufungiwa miezi 12. Kampuni nzima ilihatarisha jina lake kwa sababu ya pengo la milimita chache! Pale injini ilikuwa imekabwa koo kweli. Impreza yangu haikukabwa na mtu. Wahandisi waliochora lile kasha la plastiki walishaipa hewa yote inayoweza kutumia, wakaongeza na vyumba vya kunyamazisha mlio. Nilipolitoa, nilitoa kinyamazishi. Ule mngurumo ulikuwepo siku zote. Nilikuwa nimeufungulia mlango tu.

Tena koni yenyewe ilikaa uchi karibu na injini, ikivuta joto. Hewa ikipanda nyuzi 3 za Selsiasi inapoteza karibu asilimia 1 ya uzito wake, na kwenye foleni pale chini ya boneti nyuzi 30 zaidi si ajabu. Fanya hesabu mwenyewe. Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia pale dukani: Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza hapa takriban moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Kinungi iko juu zaidi. Manze, gari langu lilikuwa na nguvu nyingi zaidi siku lilipotoka bandarini kuliko siku yoyote nyingine maishani mwake hapa.

Cha kuchekesha, sisi tungepaswa kujua. Safari Rally imepita kwenye barabara hizi tangu 1953, na zile picha za Celica na Subaru za miaka ya 1990 zinaonyesha bomba la hewa limepanda kando ya kioo cha mbele hadi karibu na paa. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni la mbwembwe. Lilikuwa la kukwepa vumbi na maji ya mito.

Mwezi uliopita nilirudi kwa fundi na lile kasha jeusi, nililokuwa nimelitupa chini ya kitanda. Akang'oa koni, kisha akapitisha kitambaa cheupe ndani ya lile bomba la alumini, upande wa injini, ambapo hewa inatakiwa iwe imeshachujwa. Kikatoka chekundu, rangi ya barabara ya kwetu. Akanionyesha bila kusema kitu.

Gari limerudi kimya. Ndugu yangu anasema limekufa. Kinungi sasa nakaa nyuma ya treila.