Donda Ndugu la Njia ya Misafara

Ukifika Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, utaliona tembe alimokaa Dk. David Livingstone mwaka 1872. Wageni hutazama ramani na picha, wakaondoka. Juma hili naomba tutazame miguu.

Njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji ilikuwa ya miguu. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alijitwika frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Mwiba mmoja ulitosha. Mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikawa donda ndugu, na homa ikafuata.

Livingstone mwenyewe yalimpata. Mwaka 1870, akiwa Bambarre katika nchi ya Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, madonda ya miguu yalimlaza siku 80, tangu Julai hadi Oktoba. Aliyapaka jiwe la kijani la malakiti lililosagwa kwa maji. Ameandika pia kwamba usiku, katika kambi za watumwa, vilio vya wenye madonda hayo vilikuwa sauti ya kawaida. Yeye alipona, akapata kutibiwa na kuandikwa. Waliobeba mizigo na waliofungwa minyororo, wengi hatuna hata majina yao.

Ni kitu gani kiliwaua? Sehemu ya jibu ilipatikana Berlin mwaka 1892. Richard Pfeiffer, katika taasisi ya Robert Koch, yule Koch aliyekuja nchini kwetu mwaka 1897, aliua vijidudu vya kipindupindu kwa moto. Akaona kwamba hata vikiwa vimekufa, bado vinaua wanyama wa maabara. Sumu imo katika mwili wa kijidudu chenyewe. Nyoka amekufa, meno yake bado yana sumu.

Sumu hiyo iko katika ganda la vijidudu vya aina nyingi. Ikiingia katika damu, mwili hupiga kengele ya hatari kupita kiasi: shinikizo la damu hushuka, figo na mapafu hulegea. Ndiyo hali madaktari waiitayo sepsisi. Antibiotiki ni lazima, maana huua vijidudu, lakini haziondoi sumu iliyokwisha kumwagika.

Hapo ndipo wataalamu walipokigeukia kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatesi. Si kigeni, kimo katika utumbo, ini na figo zetu. Kazi yake ni kuinyofoa sumu kipande cha fosfati, nayo ikapoteza ukali. Wakakitengeneza maabara na kuwapa wagonjwa wa sepsisi ambao figo zao zimeumia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalitia moyo: waliopewa dawa walikufa wachache zaidi. Lakini jaribio kubwa lililofuata lilisimamishwa mwaka 2022, kwa kuwa vifo havikupungua. Utafiti haujafa, ila dawa hiyo haijafika kitandani mwa mgonjwa.

Naam, tusubiri? Mimi nasema hapana. Hesabu za mwaka 2017 zinaonyesha sepsisi iliua watu wapatao milioni 11 duniani, wengi wao katika nchi kama zetu, na watoto wachanga hawakusalimika. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilizitaka serikali zote ziipe uzito. Hata kimeng'enya hicho kikifaulu kesho, kitaanzia katika vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali kubwa, si katika zahanati ya kijijini.

Kinachotuokoa leo ni sabuni, maji safi, mikono iliyonawa ya mkunga, na haraka. Mzazi mwenye homa baada ya kujifungua, mtoto mchanga anayekataa kunyonya, mwenye kidonda anayehema mbio na kuongea ovyo: hao ni wa hospitali saa hiyo hiyo, si kesho asubuhi.

Mpagazi wa zamani hakuwa na pa kukimbilia. Sisi tunapo. Kinachotuua mara nyingi ni kuchelewa.