Mpunga, Mkopo na Moshi katika Bonde la Kilombero

Tunapoutaja utamaduni wa taifa tumezoea kuzungumzia ngoma, lugha na mavazi, tukasahau kwamba jembe nalo lina historia yake. Msafiri avukaye mto Kilombero kutoka Ifakara, akashika njia ya Lupiro, huiona historia hiyo kando ya barabara: mashamba ya mpunga yaliyoenea mbugani na, kabla ya mvua, moshi wa mashamba yanayosafishwa. Moshi huo siku hizi wataalamu wanauhesabu, kwani kaboni iliyomo katika majani na miti ikichomwa hupanda angani na kuongeza joto la dunia. Swali la mwanahistoria ni jingine: ni amri zipi, na fedha za nani, zilizoufanya moshi huo uwe mwingi?

Hapo kale Wandamba na wenzao Wapogoro walilima kwa kufuata mafuriko. Msimu ulipofika jamaa nzima ilihamia mbugani, ikaishi katika dungu lililoinuliwa juu ya nguzo, ikaamia ndege na kuvua samaki, kisha ikarejea nyumbani baada ya mavuno. Shamba lililochoka liliachwa lipumzike. Moto ulitumika pia, wala enzi hiyo haikuwa pepo; lakini jembe la mkono liliweka mpaka, kwa kuwa hakuna aliyeweza kufungua ardhi kupita nguvu za mikono ya jamaa yake.

Mpaka huo ulianza kuvunjwa na siasa za maendeleo. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 nyumba zilisogezwa barabarani, mashamba yakabaki mbali. Yale ya karibu yakalimwa mfululizo bila kupumzishwa. Benki ya Maendeleo Vijijini iliyoanzishwa 1971 ilitoa mikopo, Shirika la Taifa la Usagishaji likanunua nafaka, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi 1976, ikalifungulia bonde soko la Dar es Salaam. Mwaka huo huo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Sheria ya 1982 ilivirudisha, lakini imani ya mkulima hairudishwi kwa sheria.

Biashara ya nafaka ilipolegezwa katika miaka ya 1980, pengo la fedha lilizibwa na mfanyabiashara. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mkulima hukopa fedha wakati wa kupanda, akalipa magunia wakati wa kuvuna, yaani siku ambazo mpunga umejaa kila ua na bei imeanguka. Wengine huuza mpunga ungali shambani. Mwaka unaofuata, ili alipe deni na kulisha watoto, njia iliyo rahisi ni kuongeza eneo: akodi trekta, afyeke pori, achome. Ukimlaumu kwa ujinga umekosea. Hesabu yake ni sahihi kabisa, ila imepangwa na masharti ya mkopo.

Serikali nayo ilisema kwa sauti mbili. Mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, eneo la kilometa za mraba zipatazo 7,967. Mwaka 2010 bonde hilo hilo likatajwa katika mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini, SAGCOT, kuwa ghala la mchele.

Kuna hewa nyingine isiyoonekana kama moshi. Shamba likifunikwa na maji kwa muda mrefu, udongo hukosa oksijeni, na vijidudu vyake hutoa methani, gesi ambayo hunasa joto kuliko hewa ya ukaa. Kilimo shadidi huipunguza: miche michanga hupandwa mmoja mmoja kwa nafasi, na udongo huloweshwa kisha ukaachwa ukauke kabla ya kuloweshwa tena. Lakini mkulima wa mbugani asiye na mfereji wala lango la maji atalikaushaje shamba ambalo mto wenyewe umelijaza?

Mfereji hulipwa kwa miaka mingi. Vikundi vya kuweka na kukopa, vikiwemo VICOBA, hukopesha kwa miezi michache. Fedha hizo hutosha palizi na ada ya shule, wala hazichimbi mfereji. Stakabadhi za ghala, zilizowekewa sheria 2005, zingeweza kumwezesha mkulima kungoja bei ipande, mradi ghala liwe karibu na gunia lake lisiwe limekwisha kuahidiwa mtu tangu Januari.