Kabla ya kuuliza kilo ngapi

Leo naandika historia, lakini naanzia kiunoni mwangu.

Miezi michache iliyopita, katika chumba kimoja cha mazoezi hapa Kolwezi, nilitaka kuinua chuma cha kilo 100 toka chini. Sababu ilikuwa moja tu: mwenzangu alikuwa ameinua 90. Nikasikia kitu kimevutika, na wiki mbili nikawa navaa viatu nikiwa nimelala. Papa mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa migodi, aliponiona natembea kama kinyonga akacheka, halafu akauliza: "Mwana, nani alikufundisha kubeba?" Nikakosa jibu. Kilo ngapi, najua. Nani alinifundisha, hapana.

Swali hilo limenirudisha kwenye vitabu, maana sisi watu wa shaba ni watu wa mizigo tangu zamani.

Kabla ya reli, shaba ya Katanga ilitoka huku mabegani mwa watu. Msiri, aliyejenga ufalme wake Bunkeya, alitoka Unyamwezi. Baba yake Kalasa alikuja huku akifuata shaba. Wanyamwezi ndio waliosifika kwa upagazi katika njia za kwenda pwani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, kwa mamia ya kilomita. Tunapenda kusema walikuwa na nguvu tu. Hapana, tuangalie vizuri. Robota la nguo lilifungwa pamoja na fito zilizochomoza, ili wakipumzika liegemezwe kwenye mti, na mpagazi aingize bega bila kuinama hadi chini. Watoto nao walianza na pembe ndogo za ndovu. Leo kocha anayejua kazi yake anakuambia yale yale mawili: panga mzigo uanzie pazuri, na uzito uongezeke kidogo kidogo.

Sayansi ilichelewa kuliona jambo hili. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wabebaji wa Kenya: wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani, na wa Kikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Mpaka mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawakutumia nishati zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Mwaka 1995 watafiti wakaeleza sababu: mwili unaotembea hupanda na kushuka kama pendulamu ya saa ya ukutani, na wanawake wale, wakiwa na mzigo, waliokoa nishati zaidi katika kila hatua. Siri haikuwa misuli mikubwa. Ilikuwa namna ya kutembea.

Turudi kwetu. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906, shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi 1911, na Kolwezi ikazaliwa 1937. Daktari alipima mwili wa mtu kabla hajaajiriwa. Kuanzia 1928, kwa siasa iliyoongozwa sana na Dr. Léopold Mottoulle, kampuni ikataka wafanyakazi wa kudumu: mikataba ya miaka mitatu, wake na watoto kambini, posho, matibabu. Tukisoma historia hii tunahesabu tani, makambi na migomo. Mimi, katika niliyosoma, sijakuta ukurasa unaonionyesha mtu mpya akifundishwa namna ya kushika koleo. Mwili ulipimwa na kulishwa. Ufundi wa huo mwili haukuandikwa.

Mwaka 1967 yalitokea mambo mawili. Huku, mali ya Union Minière ilipita mikononi mwa Serikali, ikazaliwa kampuni tunayoiita leo Gécamines. Kule Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 127 juu ya mizigo. Pendekezo lililofuatana nao linataja kilo 55 kuwa mpaka wa mwanaume mtu mzima. Namba hiyo njo watu wanaikumbuka. Lakini ibara ya 5 ya mkataba inanigusa zaidi: mfanyakazi afundishwe namna ya kubeba kabla ya kupewa mizigo mizito. Kabla.

Sasa nenda ukaangalie machimbo ya mikono. Gécamines ilipoporomoka miaka ya 1990, vijana wengi waliingia mashimoni. Sheria ya madini ya 2002 ikawatambua. Gunia linapanda begani, ma-creuseur wanaharakisha, maana wanalipwa kwa kile walichotoa. Kijana mpya anamwiga aliye mbele yake, vile mimi nilimwiga mwenzangu.

Chukueni hesabu ndogo ya fizikia. Gunia la kilo 50 likiwa sentimita 60 mbele ya kiuno, misuli ya mgongo, inayovuta kwa nyenzo ya kama sentimita 5 tu, inatakiwa kuvuta kama kilo 600. Lilete mpaka sentimita 30, inakuwa 300. Gunia ni lile lile. Na hapo hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe.

Yule papa hana hesabu hiyo, lakini anaijua. Aliniletea bidoni la maji, nusu tu. "Usiende chini na mugongo. Sukuma matako nyuma, vuta mufuko karibu na tumbo, njo uinuke." Kilo 10! Mimi wa kilo 100! Nilirudia siku tatu kabla hajakubali kuongeza maji. Nikamuuliza yeye alijifunza wapi. Akasema kwa kapita wake, miaka mingi iliyopita, na huyo kapita alishakufa.

Hapo njo nilipoona hasara. Sisi wenye diploma tunaandika juu ya bei ya kobalti, na ni vizuri. Lakini ujuzi huu uko katika migongo ya wazee wanaotuondokea kila mwaka, huku vijana mashimoni na kwenye vyuma wanaanza sifuri, kwa maumivu.

Basi naomba kitu kimoja. Kama nyumbani kuna papa au mama aliyebeba maisha yake yote, mumuulize wiki hii: nani alikufundisha, na alikuambia nini? Muandike jibu lake vile alivyolisema. Mimi narudi kwenye chuma kesho. Nitaanza na kilo 20, papa akiniangalia.