Ualimu wa Mwili

Matai ni mji mdogo katika nyanda za juu za Ufipa, kusini-magharibi ya Sumbawanga, kando ya njia iendayo Kasesya na mpaka wa Zambia. Tangu mwaka 2012 ndipo yalipo makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iliyopewa jina la mto uangukao zaidi ya mita 200 kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wafipa, Walungu na Wamambwe, watu wa jembe tangu zamani. Mkulima wa Ufipa hukata nyasi, huzikusanya, huzifunika kwa udongo, na kufanya matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Nyasi huoza ndani ya tuta zikawa mbolea, na ulezi ukapata chakula chake. Kazi hiyo hutaka mtu ainame tangu asubuhi, na kiungo kilipacho gharama yake ni mgongo.

Ngoma za nchi hiyo nazo hutaka mgongo. Katika nsimba, ngoma ya Wafipa, sauti hutoka katika kigoda kinachosuguliwa juu ya chungu. Mwanamke aichezaye husukuma kwa mikono, lakini mikono peke yake haitoshi. Nguvu hutoka kiunoni, ikapita mabegani, ikafika viganjani. Asiyejua jambo hilo huchoka upesi na chungu chake hakitoi sauti ipasayo. Ajuaye aghalabu hakuambiwa kwa maneno. Aliketi karibu na mama yake, akatazama, akaiga, akakosea, akasahihishwa kwa jicho au kwa mkono, hata siku moja mwili wake ukashika.

Waswahili husema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hiyo ina maana ya pekee katika Ufipa, kwa sababu Wafipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Walijenga matanuri marefu ya udongo, yenye kimo cha kumpita mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kisha chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Elimu hiyo ilikaa katika mikono na macho ya mafundi, nao walijua kwa rangi ya moto na kwa uzito wa kipande wakati wa kuendelea na wakati wa kuacha. Karne ya ishirini ilipoleta majembe ya dukani, matanuri yalizimika mamoja baada ya mengine. Magofu yake yalibaki yakitazamwa na wapitao, lakini mnyororo wa walimu na wanafunzi ulikuwa umekatika, na gofu halimfundishi mtu kufua chuma.

Kwa hiyo swali la ualimu wa mwili si swali dogo. Yapo mambo ambayo hayakai katika kitabu, hata kitabu kiandikwe vizuri namna gani; hukaa katika mwili wa mtu, na hupita katika mwili wa mtu mwingine kwa kufundishwa. Ni nani basi afaaye kuwa mwalimu wa mambo hayo, naye hutayarishwaje? Swali hilo liliulizwa kwa ukali mkubwa mbali sana na Matai, katika mji wa New York, baada ya kufa kwa mtu mmoja aitwaye Joseph Pilates.

Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883. Yasimuliwa kwamba utotoni alikuwa dhaifu, na kwamba udhaifu huo ndio uliomsukuma kujifunza mazoezi ya kila namna. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa Uingereza, na kwa kuwa alikuwa Mjerumani alitiwa kizuizini, akakaa miaka kadha katika kambi ya kisiwa cha Man. Humo aliendelea kuufikiri mpango wa mazoezi ambao baadaye aliuita Kontrolojia, yaani elimu ya kuutawala mwili kwa akili. Kiini chake ni kwamba nguvu ya mwili huanza katikati, katika misuli ya tumbo, kiuno na uti wa mgongo. Kwamba pumzi ndiyo iongozayo kila tendo. Na kwamba tendo moja lililofanywa kwa usahihi hupita matendo mengi yaliyofanywa ovyo.

Vita hiyo hiyo iliyomfunga Pilates kisiwani ilifika pia katika mipaka ya Ufipa. Jeshi la Wajerumani wa Afrika Mashariki lilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 katika mji wa Abercorn, ambao leo ni Mbala, kusini ya Matai, ng'ambo ya mpaka. Askari na wapagazi walioirudia dunia ya amani walikuwa wamefunzwa miili yao kwa njia nyingine, njia ya gwaride. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ilikuwa imeushika mtindo huo wa gwaride na kuufanya mchezo. Ikawa na vyama vyake vya Marini na Arinoti, na vyeo vyake, na watu wake wa kutoa amri. Vita viliieneza bara hata katika nchi ambayo leo ni Zambia. Katika gwaride mwalimu hutoa amri moja na miguu mia hutii. Ni njia ya haraka, nayo hupendeza macho. Lakini amri haiwezi kumwona mtu mmoja mmoja, wala haijui ni nani katika mstari ana goti bovu.

Njia ya Pilates ilikuwa kinyume cha gwaride. Mwaka 1926 alifika New York, naye pamoja na mwenzake Clara wakafungua chumba cha mazoezi katika barabara ya Eighth Avenue. Alibuni vyombo vya mbao na springi, kimojawapo kitanda chenye jukwaa lililotelezeshwa huku na huku, ili springi impe mwanafunzi upinzani na msaada kwa wakati mmoja. Aliandika vitabu viwili, kimoja mwaka 1934 na kingine mwaka 1945. Lakini waliojifunza kwake walikumbuka mikono yake kuliko vitabu vyake. Alimshika mwanafunzi mbavu, akamsukuma bega, akamkemea, hata mwili ukakaa pahali pake.

Wachezaji wa dansi ndio walioitambua mapema thamani ya kazi hiyo. Martha Graham na George Balanchine, walimu wakubwa wa dansi katika Marekani, walimfahamu, na wachezaji walioumia magoti, viuno na migongo walipanda ngazi za nyumba yake kutafuta nafuu. Wengi wa wale ambao baadaye waliieneza elimu yake walitoka katika dansi. Mmoja wao alikuwa Ron Fletcher, aliyezaliwa mwaka 1921, mchezaji wa kundi la Martha Graham, ambaye goti lililoumia lilimpeleka kwa Pilates. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ridhaa ya Clara, Fletcher alifungua chumba chake Beverly Hills, California. Huko aliyageuza mazoezi ya mwalimu wake yakakaribia dansi. Aliwainua wanafunzi kutoka kitandani na mkekani, akawasimamisha na kuwatembeza sakafuni. Akawapa taulo waivute kati ya mikono miwili ili mabega na mgongo wa juu vijue njia yao. Akawafunza kutoa pumzi kwa sauti na kwa mapigo, kama mtu apigaye ngoma kwa kifua. Tendo moja likaunganishwa na jingine bila kukatika, kama hatua za mchezo.

Mazoezi hayo yenye asili ya dansi yalileta neema na hatari pamoja. Neema ni kwamba mtu hufanya kwa furaha lile ambalo angelifanya kwa uchovu. Hatari ni kwamba uzuri huficha kosa. Mchezaji hodari aweza kuinua mguu hata ukafika sikioni, na watazamaji wakashangilia, kumbe mgongo wake umejikunja pasipostahili. Mwanafunzi amwigaye ataliiga kosa pamoja na uzuri. Tena mwili wa mchezaji si mwili wa karani, wala mwili wa karani si mwili wa mkulima aliyeinama juu ya matuta miaka thelathini. Zoezi limfaalo mmoja laweza kumdhuru mwenziwe.

Pilates alikufa mwaka 1967, wala hakuacha mrithi aliyewekwa rasmi. Kathleen Stanford Grant na Lolita San Miguel, wote wawili wachezaji wa dansi, hutajwa kuwa walipata hati ya ualimu chini ya usimamizi wake mwenyewe. Wengine walikuwa na kumbukumbu ya mikono yake tu. Kila mwanafunzi alifundisha alivyofunzwa, na kwa kuwa mwalimu yule alimpa kila mtu dawa ya ugonjwa wake, hapakuwa na wawili waliofundisha sawa sawa. Ndipo ugomvi ukaja: ni nani mwenye haki ya kutumia jina? Ugomvi ulifika mahakamani, na mwaka 2000 mahakama moja ya New York iliamua kwamba Pilates ni jina la aina ya mazoezi, wala si mali ya mtu mmoja. Tangu siku hiyo mlango ukawa wazi kwa wote, kwa mjuzi na kwa asiyejua.

Mlango ulipofunguka, walimu wenye busara waliona haja ya kuweka kizingiti. Kozi za ualimu zikapangwa, na zile kamili huchukua mamia ya saa. Mwanafunzi wa ualimu husoma mifupa na misuli. Hufanya mazoezi yeye mwenyewe mpaka yamkae. Huketi pembeni saa nyingi akimtazama mwalimu mzoefu akifundisha. Kisha hufundisha mbele ya macho ya mkubwa wake, ndipo apewe mtihani. Sehemu iliyo ngumu kupita zote ni ile ya kuketi na kutazama. Waliozoea kucheza huiona kama kupoteza wakati, na kumbe hapo ndipo ualimu uanzapo. Mchezaji huujua mwili wake. Mwalimu hana budi kuujua mwili wa mwenzake, ambao hakuzaliwa nao wala hauhisi.

Tanzania nayo iliipitia njia hii kwa namna yake. Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere alipolihutubia Bunge alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi wengi walijua rumba na chachacha, lakini hawakupata kucheza wala pengine kusikia gombesugu au lelemama. Baada ya hapo liliundwa Kundi la Taifa la Ngoma, na ngoma za kila kabila zikafunzwa watu wasiozaliwa nazo. Vijana wengine walipelekwa Uchina katika miaka ya 1960 kujifunza sarakasi, wakarudi na elimu ya viungo iliyopatikana kwa jasho la miaka. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko ngoma ikawa somo lenye ratiba, mtihani na hati.

Wapo waliolalamika kwamba ngoma iliyotolewa kijijini na kupandishwa jukwaani hupungua: hufupishwa, hugeuzwa iwaelekee watazamaji, na kutengwa na harusi au mavuno yaliyoizaa. Lalamiko hilo lina haki. Lakini chuo kilileta jambo ambalo kijiji hakikulihitaji zamani, nalo ni mtu awezaye kumfundisha mgeni. Mama wa Matai hakuwa na haja ya kueleza jinsi kiuno kinavyosukuma kigoda, maana binti alikuwa karibu naye kila siku. Binti akienda shuleni Sumbawanga, kisha kazini Mbeya au Dar es Salaam, ukaribu huo hukatika, na asipokuwapo mtu wa kueleza, chungu hunyamaza kama tanuri lilivyonyamaza.

Kwa sababu hiyo mafunzo ya walimu wa viungo, yawe ya Pilates yanayofundishwa leo Nairobi na Dar es Salaam au ya ngoma za Ufipa, yana jambo moja la kuchunga. Hati hushuhudia saa alizokaa mtu darasani, nayo ina faida yake, kwani humkinga mwanafunzi asiangukie mikononi mwa mjinga. Ila hati haimwoni mwanafunzi. Amwonaye ni mwalimu ambaye naye alionwa na mwalimu wake, kama Fletcher alivyoonwa na Pilates, na kama binti alivyoonwa na mama yake kando ya chungu. Mahali ambapo wawili hao bado wamo hai, mkongwe ajuaye na kijana atakaye kujua, bado upo wakati wa kuwaketisha pamoja. Samaki hukunjwa angali mbichi. Naye akunjaye sharti awe bado na mikono.